Ahadi ya Kapteni kwa Mdomo Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikiri kuua mtu.

Nilikuwa binti wa mtaa wa Biryogo, nimevaa gauni jipya alilonishonea mjomba wangu fundi cherehani, na viatu vya kuazima vilivyonibana vidole. Mahakama moja ya hapa Kigali ilikuwa inatafuta umusemuzi, yaani mkalimani, wa Kiswahili na Kinyarwanda, kwa sababu wafanyabiashara na madereva kutoka Kongo, Burundi na Tanzania nao hugombana, huibiana na kuumizana kama watu wengine. Kiswahili nilikinyonya nyumbani. Babu yake baba alifika Rwanda na mizigo ya nguo kutoka pwani, akaoa hapa, hakurudi tena. Basi kwetu Kinyarwanda kilikuwa lugha ya mama, Kiswahili lugha ya baba, na Kifaransa lugha ya kuwaogopea walimu.

Mshtakiwa siku hiyo alikuwa dereva wa lori aliyemchoma kisu mwenzake kule Nyabugogo. Akaulizwa, akajibu kwa Kiswahili, macho chini: "Nilimchoma. Nilikuwa na hasira." Nikamgeukia Jaji nikamwambia kwa Kinyarwanda kwamba huyu bwana anasema alimchoma mwenzake kwa sababu ya hasira.

Jaji akaweka kalamu mezani. Alikuwa mzee mwembamba, hapandishi sauti, na kwa sababu hiyo ukumbi mzima ulimwogopa.

"Nani anasema?"

"Mshtakiwa, Mheshimiwa."

"Mshtakiwa ninamwona. Sitaki habari zake, nataka maneno yake. Akisema 'nilimchoma', na wewe useme 'nilimchoma'. Hapa ndani huna mdomo wako, binti yangu. Umeazima wa kwake."

Nikarudia kama alivyotaka, kwa sauti, jasho likinitoka mgongoni: nilimchoma, nilikuwa na hasira. Mama wa marehemu alikuwa amekaa benchi la mbele. Hakumtazama yule dereva hata kidogo. Alinitazama mimi. Tulipokutana kwenye korido baadaye, alikusanya kitenge chake akakibana mapajani kisije kikanigusa. Nilikwenda chooni nikalia. Nilitaka kuacha kazi siku hiyo hiyo, ila nyumbani walikuwa wameshawatangazia majirani, na aibu ya kurudi ilikuwa kubwa kuliko woga wa kubaki.

Nawaambieni ninyi vijana mnaoanza kazi hii, mnaosomea vyuoni na kupewa vyeti: mimi ni mwoga, sikatai, na sijawahi kuona kazi isiyomfaa mwoga kama ukalimani. Watu husema mjumbe hauawi. Waliosema hivyo bila shaka hawakuwa wajumbe. Mahakamani tulifanya ukalimani wa kufuatana, yaani mtu anasema, anakoma, nawe unafuata. Unashika maneno kichwani, unaandika alama mbili tatu za kukukumbusha, unayamwaga yote bila kuongeza chumvi. Akitukana, unatukana. Akilia, hulii, lakini unasema aliyoyasema katikati ya kilio. Jaji alinifundisha hivyo kwa miaka mingi, na siku alipostaafu alinishika mkono akaniambia, "Umenitumikia vizuri, kwa sababu sikumbuki hata siku moja kusikia unalofikiri wewe." Niliichukua kama sifa, na ilikuwa sifa.

Kutoka hapo nilipelekwa kwenye kambi ya wakimbizi wa Kongo. Mkuu wa Kambi alikuwa mtu wa utani, mfukoni karanga haziishi, na yeye ndiye aliyenifundisha ukalimani wa kunong'ona: unakaa nyuma ya bega la mkubwa na kumpulizia sikioni kinachosemwa, papo kwa papo, bila kumkatiza msemaji. Pale ndipo nilipoona mtu huyohuyo akisema hivi kwenye hema la ofisi na vile kwenye foleni ya maji. Nilimwambia Mkuu wa Kambi kwamba hawa watu ni waongo. Akatafuna karanga, akasema, "Oya, hapana, Mama Idrisa. Anayeogopa siyo mwongo. Anakupa jibu anaroona rinafaa sikio rako." Alikuwa na tabia hiyo ya kuchanganya r na l akisema Kiswahili, nasi tukimcheka, naye akicheka zaidi yetu.

Mume wangu alikuwa ameshafariki, na mwanangu Idrisa ameshaingia jeshini, waliponiita kwenda na askari wetu pwani, mbali kusini. Nchi sitaitaja, wala kijiji. Hata majina ya watu humu nimeyabadilisha, la mwanangu likiwemo, na mkifika mwisho mtaona kwa nini. Kule kulikuwa na kundi la vijana lililoingia msituni na kugeuka tauni. Walichoma vijiji, walichinja watu, walibeba wasichana. Askari wetu walikuwa wamekwenda kusaidia, wakawafukuza. Sasa walihitaji mtu wa kuzungumza na raia, maana Kiswahili cha kule kimechanganyika na Kireno na lugha zao nyingine, na watu wa kule wakisema haraka, askari wa Kigali hubaki anatikisa kichwa kwa adabu.

Nilifika kijiji kimetulia. Utulivu ule ulinitisha kuliko kelele. Watu walisalimiana kwa kunong'ona. Pikipiki ikinguruma barabarani, wanawake waliinua watoto mgongoni kwanza, ndipo wakageuka kutazama. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kijiji chote kile kilikuwa kimeumwa. Nilitambua pia jambo ambalo hakuna aliyelisema: wale wa msituni hawakutoka mwezini. Kila nyumba ilikuwa na mtoto, mpwa au shemeji aliyekwenda huko, kwa hiari au kwa kamba.

Mkubwa wangu alikuwa Kapteni wa uhusiano na raia, yaani ofisa ambaye kazi yake si kupigana bali kuzungumza: visima, shule, malalamiko. Alikulia Burundi, Mkatoliki wa kusali kila asubuhi, mtu mwema, na Kiswahili chake kilikuwa cha "iko" na "hapana iko". Kwenye mambo mazito alisema Kinyarwanda nami nikamfuata. Aliwafanyisha askari umuganda, kazi ya pamoja kama tunavyofanya nyumbani: walifyeka barabara, wakaezeka darasa. Wenyeji walishangaa kuona askari ameshika jembe.

Kwenye lango la kambi ya askari alikuwepo mwanamke nitakayemwita Atija, mjane, aliyechoma vitumbua. Wale wa msituni walimuua mumewe mbele yake. Alikuwa na mdomo mkali na kicheko cha ghafla, akiniita mana, yaani dada kwa Kireno chao, na askari akiwaita tropa, nami nilimpenda kuliko watu wote wa kule.

Ikafika siku wakubwa walipotaka kusikia raia wanasemaje. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha, na swali lilikuwa moja: askari wa kigeni wabaki au waondoke? Kapteni akaitisha mkutano uwanjani karibu na msikiti, akaniletea kipaza sauti. Akaanza kwa adabu zote, akawasalimu wazee, akaeleza swali. Halafu akasema, nami nikafuata: "Atakayesimama, aanze kwa kutaja jina lake na mahali anapokaa."

Kwetu Rwanda hiyo ni heshima tu. Kwenye mkutano wa mudugudu, yaani wa mtaa, hakuna anayefungua kinywa bila kujitaja. Asiyejitaja anaonekana ana la kuficha. Kapteni alilisema kama anavyosema "karibuni", na mimi nililitafsiri vivyo hivyo, bila moyo kunidunda.

Mzee mmoja akasema akiwa amekaa: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe tumeshawapa, na wamelima." Watu wakacheka kidogo. Kapteni akafurahi, akauliza, "Mzee, jina lako?" Yule mzee akaweka kiganja sikioni, akatabasamu, ghafla amekuwa kiziwi.

Ndipo Atija akasimama. Labda alikasirishwa na uziwi ule, au alikuwa amechoka kunong'ona, sijui. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye minazi: "Naitwa Atija. Nyumba yangu ipo nyuma ya msikiti. Tropa, msiondoke. Mkiondoka leo, kesho wanarudi. Na hao wanaorudi si wageni. Ni watoto wetu, tunajuana nao kwa majina."

Nikafuata kwa Kinyarwanda kwenye kipaza sauti, kama Jaji alivyonifunza, sikuacha kitu: naitwa Atija, nyumba yangu ipo nyuma ya msikiti. Maneno kama haya mtu hahitaji kujua Kinyarwanda ili ayaelewe. Jina ni jina.

Uwanja ukafa. Mmoja akakumbuka mbuzi wake. Mwingine alikuwa ameacha chungu jikoni. Imamu akatazama saa yake, na sala ya adhuhuri ilikuwa bado mbali. Walikwenda mmojammoja, hakuna aliyekimbia, na katika muda mfupi tukabaki sisi, viti vya plastiki, na Atija aliyekuwa bado amesimama. Alitazama huku na huku, na nikaona uso wake unaelewa.

Kapteni akaniuliza polepole, "Mama Idrisa, nimesema nini kibaya?"

"Tumeuliza jina, afande."

Akashika kichwa: "Yampayinka! Tumemwanika."

Jioni hiyo tulikwenda nyumbani kwake, bila kipaza sauti na bila kundi la askari. Alikuwa anakoroga unga, hakuinua macho. Kapteni akaomba radhi kwa Kinyarwanda, maneno marefu, nami nikayasema yote. Akatujibu:

"Neno likitoka halirudi, tropa. Nimeshajitaja. Nataka kitu kimoja tu. Mama yangu yumo humo ndani, hatembei. Siku mkiondoka, wengine watakimbia na miguu yao. Mimi nahitaji muda wa kumbeba. Basi nijue kabla ya watu wote."

Kapteni alijibu pale pale, bila kuuliza wakubwa wake, kwa sababu moyo wake ulikuwa umeungua. Nami nikafuata: "Nakuahidi. Siku tutakapoondoka, utajua wa kwanza."

Atija aliacha kukoroga. Alinitazama mimi, si Kapteni. "Nimekusikia, mana," akasema.

Tangu hapo tulibadilisha namna ya kufanya kazi. Hatukuuliza tena chochote hadharani. Nilikaa na wanawake wakitwanga, wakichota maji, wakisuka nywele, na swali lile niliacha lije lenyewe. Mama mmoja alitaka askari wetu wabaki mpaka wajukuu wake waoe. Mwingine, ambaye mwanawe yumo msituni, alitaka waondoke upesi, kwa sababu mtoto hawezi kurudi nyumbani kama njiani amesimama mtu mwenye bunduki. Fundi seremala aliniambia: "Mkibaki, serikali yetu italala usingizi. Mkienda, sisi ndio tutakaolala, moja kwa moja." Akacheka peke yake. Na hao wote, ukiwauliza mbele za watu, walikupa jibu moja: wakubwa wanajua.

Siku moja akaja Kanali kutoka makao makuu ya jeshi letu, mtu mwenye haraka, akataka taarifa yangu.

"Mama, niambie kwa neno moja. Wanataka tubaki au tuondoke?"

"Afande, neno moja halipo."

"Sasa mimi niwaambie nini walionituma?"

"Waambie wanaogopa. Wanaogopa mkiondoka, na wanaogopa mkibaki, na wanaogopa kuulizwa."

Nilidhani atanikaripia. Akasema, "Hata mimi ningeogopa," akaingia kwenye gari.

Kapteni alirudishwa nyumbani zamu yake ilipokwisha, maana askari hupishana, kundi linakuja, kundi linaondoka. Wakati anafunga begi nilimkumbusha: na ahadi ya Atija? Akasema atamwachia atakayekuja. Nadhani alimwambia kweli. Lakini aliyekuja alikuwa kijana wa sheria, aliyesoma nje, na nilipomuuliza alinijibu kwa upole usiopindika. "Mama, siku ya kuondoka ni siri. Hata mimi nitaambiwa mwisho. Askari akiwa anafika, macho yake yako mbele. Akiwa anaondoka, mawazo yake yameshafika kwa mke wake. Hapo ndiyo wanamvizia barabarani. Anayesema siku hiyo anaua watu wetu." Alikuwa na haki.

Mwishowe masikio yalinishinda. Jenereta na vipaza sauti vya miaka mingi vimenila sikio la kushoto, na mkalimani asiyesikia ni sawa na dereva asiyeona. Nikaomba kustaafu. Nilikwenda kumuaga Atija, akanifungia vitumbua kwenye gazeti. Mama yake alikuwa amelala mkekani, mwepesi kama mtoto, ananitazama tu.

"Kapteni ameenda," Atija akasema. "Sasa unaenda wewe. Ahadi yangu inakaa kwa nani?"

"Ahadi aliitoa Kapteni, mana. Mimi nilikuwa natafsiri tu."

"Kapteni sikumsikia. Nilimwona anachezesha midomo. Aliyeniahidi kwa lugha yangu ni wewe."

Hakusema kwa ugomvi. Alisema kama mtu anayekuonyesha mzigo wako uliousahau. Nilimpa namba yangu ya simu, na ndani ya ndege nilishukuru kuondoka na nikaona aibu kwa shukrani hiyo.

Sasa naishi Ndera, kwenye nyumba aliyojenga Idrisa upande wa mashamba, na mkwe wangu Zaituni ambaye anauza vitenge Nyabugogo. Mnaweza kudhani huu ndio wakati wa mzee kupumzika, kupalilia maharage yake na kutoa nasaha. Lakini haukupita muda mrefu tangu nirudi, Idrisa naye akapangiwa zamu ya kwenda kule kule. Woga niliouacha pwani ulinifuata mpaka kitandani kwangu, nao mara hii ulikuwa na jina la mwanangu.

Mjini swali lile linajadiliwa kama mpira. Jirani yangu, dereva wa familia moja huko Nyarutarama, mtaa wa wenye fedha, anasema mwajiri wake anasema askari wabaki, maana ukiacha moto haujazimika unarudi. Zaituni hataki hata kusikia.

"Mama, kazi yao walisha maliza," huniambia akikunja vitenge vyake. "Wale watu iko na serikali yao, iko na askari yao. Sisi tutawalindia watu mpaka lini? Mtoto yangu anauliza papa wake kwa simu tu!"

"Na wakirudi wale wa msituni?"

"Mama, sikuizi unasema kama mutu wa kule. Idrisa ni mtoto wako, sha!"

Ni mtoto wangu. Nani anisute kwa hilo? Nataka wabaki, na nataka mwanangu arudi, na mambo hayo mawili hayakai nyumba moja. Ukiniuliza kama mzee aliyeona, nitakwambia kwamba mgeni hawezi kukulindia mlango maisha yote, na nchi isiyojifunza kulinda watu wake itakuwa inaazima walinzi mpaka wajukuu. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba Atija hana muda wa kungoja nchi ijifunze. Nyumba yake ipo nyuma ya msikiti, na kila mtu anajua, kwa sababu niliitangaza mimi.

Atija alikuwa ananibipu. Hana hela ya kupiga, kwa hiyo anaacha simu ilie mara moja, anakata, nami namrudishia. Tulizungumza bei ya unga, mgongo wa mama yake, mvua. Kila mara kabla ya kuagana aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wako bado, mana?" Nami nilijibu, "Wako bado." Idrisa hakumjua, nami sikumwambia habari zake, kwa sababu askari asiyejua hawezi kujaribiwa.

Kisha juzi Idrisa akapiga. Kila zamu ya askari inapokwenda huwa natuma kifurushi: majani ya chai ya kwetu, sabuni, pilipili ya mafuta. Nilikuwa nimeshakifunga. Akasalimia, akamuulizia mtoto, halafu akasema:

"Mama, usitume tena kitu."

"Kwa nini? Nimeshafunga."

"Kunywa hiyo chai na Zaituni. Usitume tena."

Hakusema zaidi, na hakuna aliyevunja siri yoyote, lakini nilielewa: hakuna zamu nyingine inayokwenda, wote wanarudi. Zaituni alikuwa amesimama karibu, amesikia. Alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika uani, akanikumbatia, akakimbia kwenda kwa mama yake. Mimi nilikaa. Nilimshukuru Mungu kwa maneno yote niyajuayo, kwa lugha zangu zote, na katikati ya shukrani nikamwona yule bibi mkekani, mwepesi, asiyetembea.

Nilijua sheria. Nilikuwa nimeitafsiri mara ngapi? Anayesema siku hiyo anaua watu wetu, na safari hii watu wetu ni Idrisa akiwa ndani ya lori, mawazo yake yameshafika hapa uani. Nisiposema, watakuja kwa Atija kwanza, kabla ya nyumba nyingine yoyote. Nilitembea mpaka mwisho wa mashamba nikarudi. Nilisali rakaa mbili, nikasahau nimesoma nini, nikarudia. Baadaye nilijidanganya kama watu wazima wanavyojidanganya. Nilisema nitamsalimu tu, nisikie sauti yake, sitasema neno.

Nikampigia. Nilisikia kinu kinatwanga nyuma yake, na watoto.

"Mana?"

"Nimekukumbuka tu, dada yangu. Hamjambo?"

Kinu kikanyamaza.

"Leo sikukubipu," akasema.

"Ndiyo."

"Hujawahi kunipigia bila mimi kukubipu."

Maisha yangu yote nimelipwa kwa kusema, na pale sikuwa na hata neno. Halafu akasema taratibu, kama anayenituliza mimi:

"Usiseme kitu, mana. Hujasema kitu. Mwenyezi Mungu akulipe." Na kabla sijajibu akaongeza, "Nitamwambia dada yangu tu. Peke yangu siwezi kumbeba mama."

Akakata.

Dada yake namfahamu. Ana mume, mtu mkimya, fundi wa baiskeli. Huyo mume ana mpwa aliyemlea tangu mdogo, anampenda kama mwanawe wa kumzaa, na kijiji kizima kinajua huyo mpwa yuko wapi sasa. Nilipiga tena mara hiyo hiyo nimwambie asimwambie mtu, hata dada. Simu yake haikupatikana. Nikampigia Idrisa, bila kujua ningemwambia nini. Yake pia haikupatikana, na haijapatikana mpaka leo ninapoandika. Zaituni anasema ni kawaida, wakiwa njiani huzima.

Ameingia sasa hivi na kopo la rangi kwa ajili ya chumba chao, ya buluu hafifu, amelifungua kwa kijiko na kunionyesha, anauliza kama Idrisa ataipenda.

Nimemwambia ataipenda.